Binti Yangu Hakuzungumza Habari za Kuku

Kwa Mkuu wa Idara ya Maandishi ya Chini ya Skrini,
Kituo cha Televisheni (kile cha namba mbili kwenye rimoti ya jimu yetu).

Ndugu Mkuu,

YAH: MANENO YANAYOFIKA WATU WAKISHAONDOKA

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi, hasa yule ndugu anayechapa maandishi ya chini, ambaye nina hakika ni mtu mwema, ila amelemewa au amelala. Mimi si mtu wa kulalamika. Mke wangu atakuambia vingine, lakini yeye hakuulizwa.

Ni adabu nianze kwa kujitambulisha. Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Maisha yangu yote ya kazi nimesimama kando ya mitambo ya kuchapia magazeti, mitambo mikubwa kama nyumba, ambayo ikiwashwa hata kikombe cha chai cha msimamizi kilikuwa kinatembea chenyewe juu ya meza. Najua thamani ya neno lililowekwa mahali pake. Kwetu yalikuwapo makosa mengi ya kusameheka: wino kumwagika, karatasi kukatika, hata ukurasa wa michezo kuchapwa kichwa chini miguu juu. Tulicheka, tukaanza upya. Kosa moja tu halikuwa na msamaha, nalo ni kuweka maelezo ya picha hii chini ya picha ile. Mwenzetu mmoja aliwahi kuweka chini ya picha ya bibi harusi maneno, "Mtambo mpya wa kusukuma maji taka ukizinduliwa jana." Hakurudi kazini, na nasikia hata kwake alikaa muda mrefu bila kurudi, kwa kuwaogopa kaka zake bibi harusi.

Kosa hilo, Ndugu Mkuu, idara yako inalifanya kutwa kucha, na jioni mnakwenda nyumbani mkala mkashiba.

Mimi jimu sikwenda kwa kupenda. Daktari alinipima presha, akaitazama ile mashine yake, akanitazama mimi, akamtazama mke wangu, kisha akazungumza na mke wangu. Wakakubaliana wao wawili. Kesho yake nikajikuta nimesimama juu ya mashine ya kukimbilia, ya tatu kutoka dirishani, nimevaa raba za mkwe wangu. Pale sasa wananiita Babu wa Tatu. Ni chumba kirefu chenye vioo pande mbili, kinanuka mpira na dawa ya kuchua, na juu ya mtungi wa maji ya kunywa wameangika televisheni yenu.

Nausifu ukumbi ule kwa jambo ambalo siku hizi ni adimu, yaani utulivu. Hata maktaba haiufikii. Kocha, mama mmoja mkakamavu, ana filimbi shingoni, na huipuliza kwa adabu sana, mashavu yakimvimba bila kumsumbua mtu. Kuna kijana tunayemwita Bwana Misuli, hunyanyua vyuma vizito kuliko mimi na mke wangu tukiwekwa pamoja, na anapovitupa sakafuni huvitupa kistaarabu. Na televisheni yenyewe wameizima sauti, kama inavyostahili mahali penye watu wazima. Ndiyo maana sisi wa pale, ili tujue dunia inakwendaje, tunategemea maandishi yenu ya chini na Mungu. Mungu simlalamikii. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Maandishi yanachelewa.

Mchana mnaonyesha ule mchezo wa mjane tajiri na dereva wake. Mimi si mpenzi wa michezo ya namna ile, nautazama kwa sababu uko mbele yangu, na sijakosa hata siku moja. Juzi mjane alikuwa ameinamia jeneza la kaka yake. Watu wamevaa nyeusi, uso umemlowa, midomo inamtetemeka. Chini ya midomo hiyo yakapita maneno, "Ongeza chumvi kidogo, na usisahau kufunga geti." Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu na peke yangu, na Mama Mwuguzi, ambaye huendesha ile baiskeli isiyokwenda kokote hapo kando yangu, akanigeukia na kunitazama kama unavyomtazama mtu aliyecheka msibani. Sikuwa na la kujitetea, maana ndicho nilichokuwa nimekifanya.

Maneno ya mazishi yenyewe yalifika mazishi yamekwisha. Yalifika wakati wa tangazo la dawa ya meno. Binti mmoja ameachia meno thelathini na mawili, na chini yake panapita, "Kaka yangu, umeniacha na nani mimi?" Nikatokwa na machozi. Mzee wa umri wangu, Ndugu Mkuu, nimeililia dawa ya meno mbele za watu.

2. Maandishi yanatoweka pale pale yanapohitajika.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Mimi nimesubiri tangu mvua zilizopita nijue baba wa yule mtoto wa mjane ni nani. Siku ikafika. Dereva akasimama sebuleni, kofia mkononi, akameza mate, na chini yake pakaandikwa vizuri kabisa, kwa wakati wake, "Baba wa mtoto huyu ni". Kisha pakawa peupe. Kisha, baada ya peupe, pakaja neno moja ndani ya mabano: "(muziki)".

Nilikuwa nimeinama mbele kuusaka ukweli, na mashine ya kukimbilia haina huruma wala haimsubiri mtu asome. Ilinibeba kinyumenyume, ikanitupa miguuni pa Bwana Misuli, goti likavimba. Alininyanyua kwa mkono mmoja kama anavyonyanyua vyuma vyake, akanisimamisha wima, akanung'unika kitu. Siku hizi vijana wote wananung'unika.

Na hebu tuelezane kiutu uzima, hiyo "(muziki)" ni nini? Muziki gani? Wa harusi? Wa kuogopesha? Wa kumwambia mtu akakojoe kwa sababu hakuna jambo litakalotokea? Kumwandikia mtu "(muziki)" ni sawa na kumwekea mwenye njaa sahani tupu iliyoandikwa "(chakula)".

3. Kuna upendeleo.

Lalamiko hili sikutaka kuliandika, kwa kuwa linagusa majirani zangu wa mazoezi, lakini nimefanya uchunguzi na sina budi. Wenzangu wanapata maneno kabla yangu. Mjane akitoa kichekesho, wao wanacheka papo hapo, na mimi maandishi yangu yananifikia wakati wao wameshafuta jasho. Nikadhani labda wanasoma haraka kuliko mimi, jambo ambalo kwa mpiga chapa ni gumu kumeza. Nikaanza kuwachunguza kupitia vioo.

Siku ya kwanza nilimkuta Mama Mwuguzi anacheka amefumba macho. Jasho linamtiririka, kope zimeshikana, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. Siku ya pili Bwana Misuli, ambaye alikuwa ameipa televisheni mgongo, alitupa mikono juu kwa hasira wakati uleule dereva alipomdanganya mjane. Sasa niambie wewe msomi, mtu anasomaje kwa kisogo? Jibu ni moja tu. Idara yako inawatumia watu fulani maandishi mapema, kwa njia ya siri, nyumbani kwao, kisha wanakuja jimu kujifanya wanatazama kama sisi wengine. Sijui wanachaguliwa kwa vigezo gani. Kama ni afya ya mwili, basi tangazeni, nijitahidi.

4. Ugonjwa huu unaambukiza, na umeshaingia nyumbani kwangu.

Mke wangu ni fundi cherehani. Wakati wa mchezo huwa yuko kazini kwake na wateja, kwa hiyo mimi ndiye mjumbe wake. Kwa sababu ya maandishi yenu nimempelekea habari kwamba mjane ameolewa, kumbe aliyeolewa alikuwa mtu wa kwenye tangazo la sabuni. Alibishana na mteja juu ya ndoa hiyo mpaka mteja akaondoka na kitambaa chake. Nililaumiwa mimi. Idara yako haikulaumiwa hata kidogo.

Hilo ningelivumilia. Lakini taratibu nimeona mke wangu naye anazungumza kama maandishi yenu. Mwanamke huyu zamani alikuwa akimwita mtoto mmoja, wanaitika watoto wa mtaa mzima. Sasa anaanza sentensi vizuri, katikati inapungua, mwishoni inapotea kabisa. Nikimwomba arudie, anarudia mara moja, pengine mara mbili, kisha anasema, "Basi, acha." Hilo "basi, acha" ndilo pekee linalonifikia likiwa zima, mwanzo hadi mwisho. Na si yeye tu. Simu siku hizi zinatengenezwa bila sauti, kwa hiyo ikilia nampa yeye apokee, kama inalia. Karani wa benki anaongea na kioo. Televisheni yetu ya nyumbani ni ya kizamani, maandishi haina na sauti yake imekwisha, ingawa jirani tunayechangia naye ukuta ana maoni tofauti na ameyaleta mara nyingi mlangoni.

Jioni tunakaa sebuleni, yeye na sindano yake, mimi na gazeti langu. Hatugombani. Ukipita nje utasema hii ndiyo nyumba yenye amani kuliko zote.

5. Binti yangu.

Hapa naomba uweke kalamu chini, Ndugu Mkuu, au chochote mnachokishika huko badala ya kuchapa.

Kitindamimba wangu anafanya kazi katika stesheni kuu ya treni, mji mwingine, mbali na sisi. Yeye ndiye ile sauti inayowaambia abiria treni ipi imeingia, ipi imechelewa, na wasimame wapi. Watu maelfu wanaijua sauti yake, na hakuna anayemjua sura. Kipindi chenu cha asubuhi kikapata wazo la kuwaonyesha watu wa namna hiyo, naye akaitwa. Mama yake alikuwa anamwuguza shemeji yangu, dada yake, hospitali, wodi isiyo na televisheni, kwa hiyo akaniachia kazi moja tu maishani: nitazame, nishike kila neno, nije nimsimulie. Sikutaka kufanya mzaha na jambo hilo. Nilikwenda jimu mapema kusudi, kwa sababu ndiko kwenye maandishi.

Akatokea. Amevaa lile gauni la kijani aliloshonewa na mama yake, nywele kasuka, kakaa wima kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nilisimamisha mashine. Nikawaonyesha kwa kidole ukumbi mzima, wangu huyo, wangu huyo. Mtangazaji akamwuliza jambo. Mwanangu akatabasamu, akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akitaka kusema la moyoni, akafungua mdomo. Na chini ya uso wa mwanangu yakapita maneno haya, ambayo nimeyakariri bila kupenda:

"Kuku akianza kuzubaa, mtenge na wenzake. Kinyesi cha kijani ni dalili mbaya."

Kabla yake alikuwapo bwana mifugo. Yalikuwa maneno ya bwana mifugo. Nikajiambia tulia mzee, yatapita, ya mtoto yanakuja. Mtoto akaendelea kuzungumza. Akaweka mkono kifuani, na chini pakaandikwa, "Chanjo ichanganywe na maji safi yasiyo na dawa." Macho yakamlengalenga, pakaandikwa, "Banda lifagiliwe kila siku." Akapangusa chozi kwa kidole, mtangazaji akamshika bega, na idara yako ikamalizia, "Majogoo wasizidi." Kisha mkaleta mpira wa miguu. Nikausubiri mpira ule kama mtu anayesubiri mzigo stesheni, maana nilijua maneno ya mwanangu lazima yapite chini ya wachezaji, kama ilivyo desturi yenu. Hayakupita. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwatazama, chini ya skrini palikuwa safi.

Nikageuka. Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama mimi. Mama Mwuguzi alikuwa analia waziwazi juu ya baiskeli yake. Bwana Misuli aliweka vyuma chini, akaja akanikumbatia na jasho lake lote. Kocha alinishika mkono kwa mikono miwili na hakuuachia haraka. Nikajiuliza, haya yote kwa ajili ya kuku?

Niliitikia kwa kichwa. Nikasema ndiyo, ndiyo, ni wangu, nashukuru sana. Ningesema nini? Niwaulize watu baki mwanangu kasema nini, na mimi baba yake nilikuwa nimesimama pale pale macho kodo?

Jioni mke wangu alirudi kutoka hospitali. Hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye kiti cha mbele yangu, akaweka mikono mapajani, akasema neno moja ambalo lilinifikia lote: "Haya." Ndugu Mkuu, mwanamke amemzaa mtoto huyu, amemlea, na kutwa nzima amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa akisubiri habari hii. Ningempa habari za kinyesi cha kijani? Nikamwambia kwamba binti yake amesema mbele ya taifa zima kuwa alipofika, amefika kwa sababu ya mama yake. Alifunika uso kwa viganja akalia. Hadi kesho yake jioni alikuwa amemwambia dada yake, wauguzi wa wodi, na kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia mwisho wa mwezi huu. Binti anakuja likizo. Mama yake anamshonea nguo ya asante, ameita ndugu, na amekataa kumgusia jambo hilo kwenye simu kwa sababu anataka kulisema ana kwa ana, mbele ya wote. Atamshukuru kwa maneno ambayo mtoto hakuyasema, ila niliyasema mimi nikiwa nimekaa kwenye sofa na kijasho chembamba.

Lakini nikuambie ukweli, siyo uongo huo unaoninyima usingizi. Aibu nimezoea. Kinachoniuma ni kwamba mwanangu alisema jambo lililowaliza watu wasiomjua, na mimi sina hata neno moja la jambo hilo. Kila siku naingia jimu, wananitazama kwa heshima, na mimi ndiye mtu pekee mle ndani asiyejua kwa nini.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu wote, naomba hatua hizi zichukuliwe:

Mosi, mtu yeyote asiruhusiwe kufungua mdomo kwenye televisheni mpaka maandishi ya aliyemtangulia yawe yamekwisha. Wakae kimya, wanywe maji. Hata mvua isionyeshwe ikinyesha kabla utabiri wake haujapita chini.

Pili, mwigizaji mwenye siri ya kufichua aishike mkononi, imeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ili idara yako ikilala, sisi tusilale.

Tatu, ndugu yule anayechapa aletwe kwenye jimu yetu, apewe mashine ya nne, kando yangu, achape huku anakimbia. Nitamsaidia. Nilipokuwa kazini niliwafundisha wengi, na waliobaki na vidole vyote ni wengi kuliko waliopoteza.

Nne, kwa kuwa tatizo la watu kutosikika limeenea katika jamii nzima, serikali ishauriwe kumfungia kila raia maandishi kifuani. Waanze na mke wangu, wafuate madaktari, kisha karani wa benki, kisha wote wenye tabia ya kupiga simu. Mimi binafsi nitavaa ya kwangu bila kinyongo, ingawa ninapozungumza watu huniomba nipunguze sauti, jambo linaloonyesha kwamba mimi nasikika vizuri.

Tano, na hili ndilo kubwa, naomba niletewe zile dakika chache za binti yangu, zikiwa na maandishi yake mwenyewe, yote, kwa wakati wake, chini ya uso wake, kabla ya mwisho wa mwezi. Mkinitimizia hili la tano, hayo manne mengine tunaweza kukaa tukazungumza.

Nisalimie wafanyakazi wote wa kituo, mlinzi wa getini, na mtangazaji wa asubuhi aliyemshika mwanangu bega, huyo nampenda. Nisalimie mjane, umpe pole ya kaka yake kwa niaba yangu, maana siku yenyewe nilicheka. Dereva mwambie namsubiri amalizie sentensi. Na kama bwana mifugo hupita hapo ofisini, mwambie ushauri wake nimeupata wote, mimi nisiyefuga hata njiwa.

Ndimi, kwa heshima na kwa goti lililovimba,

Babu wa Tatu,
Mpiga Chapa Mstaafu.

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua hii nilimpa Kocha aisome na kuweka sahihi yake kama shahidi. Aliisoma amekaa kwenye benchi la vyuma, mwanzo akicheka, baadaye hakucheka. Akamaliza, akanishika mkono, akanipandisha juu ya kigoda mbele ya watu wote, akakibandika kiganja changu nyuma ya televisheni.

Ilikuwa inatetemeka, Ndugu Mkuu. Ilikuwa inatetemeka mithili ya mitambo yetu. Mle ndani hakuna kilichozimwa sauti. Hakijawahi kuzimwa. Kuna hata muziki, amenigusisha na spika zake, na ile filimbi amenipulizia karibu na sikio, nikasikia kama inzi yuko chumba cha pili. Wenzangu hawajaletewa maandishi na mtu yeyote. Walikuwa wanasikia tu, kama watu.

Nilishuka kwenye kigoda, nikakaa kwenye benchi. Kocha akachuchumaa mbele yangu, uso kwa uso, akazungumza polepole, na nikamwelewa kila neno. Naomba nikueleze sababu. Kiwandani, mitambo ikishawashwa, hakuna sikio lililofaa kitu. Sisi wapiga chapa tulisomana midomo kutoka upande huu wa jengo hadi upande ule, tukataniana, tukasengenyana, tukapeana pole za misiba. Mtu akifungua mdomo mbele yangu, mimi humtazama mdomo. Sijui namna nyingine.

Kocha akanieleza binti yangu alisema nini. Alisema utotoni maneno yalikuwa yanamkwama. Akianza neno halitoki, na nyumbani kila mtu, kwa mapenzi tu, alikuwa anammalizia, mama yake, kaka zake, mpaka wageni. Isipokuwa baba. Alisema baba akitoka kiwandani alikuwa akiweka kijiko chini, anamtazama mdomo, na anamngojea mpaka neno litoke, hata chakula kipoe. Alisema kama leo anaweza kuzungumza na stesheni nzima, ni kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja aliyemsikiliza.

Ndugu Mkuu, mimi sikujua kwamba namngojea. Kumalizia maneno ya mtu nisingeweza, kwa maana sikuwa nimesikia alivyoanza. Mama yake huenda aliligundua hilo kabla yangu, ndiyo maana siku hizi anachoka haraka. Leo nitamwomba akae mbele yangu, siyo pembeni, aseme tena, nami nimwambie ukweli, binti yake alisema nini na mimi niliongeza nini. Atakasirika. Nataka nimwone akikasirika, nisikose hata neno. Masikio yangu tutakwenda kuyapima wote wawili, kwa kuwa yeye ndiye atakayeongea na daktari.

Malalamiko yangu yote yanafutwa, isipokuwa lile la "(muziki)", ambalo bado nalishikilia. Ombi la tano linabaki, lakini nalibadilisha. Siku ile nilikuwa nimeyakodolea macho maneno ya kuku. Ningeinua macho kidogo tu, ningemwelewa mwanangu bila msaada wa mtu. Naomba basi mniletee zile dakika zake, ila myaondoe kabisa yale maandishi ya chini. Yanamziba mdomo.